Nilivyojifunza kuchanganua uhalifu kwa daftari la malalamiko

Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni kupokea watu: aliyeporwa simu, aliyevunjiwa nyumba, mama ambaye mwanawe amebebwa kwenye msako na hajui amepelekwa kituo gani. Hao kina mama ndio walionisukuma nitafute mafunzo ya uchanganuzi wa uhalifu. Simu zikizidi kuporwa, msako unapigwa mtaa mzima, vijana wanapakiwa garini, na kesho yake wengi wanaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Nilitaka kwenda mbele ya wakubwa na kitu kizito kuliko manung'uniko.

Masomo niliyapata jioni kwa intaneti, na ramani nilichora kwa QGIS, programu isiyolipiwa. Nadharia haikunichosha. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba wizi hutokea pale vitatu vinapokutana mahali pamoja, wakati mmoja: mwenye nia, kitu cha kuibwa, na kukosekana kwa wa kukilinda. Mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake wakachapisha utafiti wa Minneapolis, Marekani, ulioonyesha kuwa nusu ya simu zilizopigwa polisi zilihusu asilimia 3 hivi tu ya sehemu zote za mji huo. Hilo lilinigusa. Kama mambo yako hivyo, basi kukamata mtaa mzima ni kuwaonea wengi kwa ajili ya kona chache.

Ugumu ulikuwa kwenye daftari letu. Nilipoliingiza kwenye kompyuta, ramani ya kwanza ilionyesha karibu kila kitu kimetokea soko la Kongowea. Haikuwa kweli. Kongowea inajulikana na kila mtu, kwa hiyo mtu akiulizwa "wapi?" hujibu "hapo karibu na sokoni", na aliye zamu anaandika "Kongowea" kisha anamwita mwingine. Tukabadilisha maswali. Sasa anayekuja anaulizwa: ulikuwa unatoka wapi, unaelekea wapi, ulikuwa umeshapita nini, na mkono wako wa kulia kulikuwa na nini? Kijana mmoja alianza na "sokoni" kama wenzake. Nilipomuuliza hivyo, ikabainika alishuka matatu, akakata kichochoro cha kwenda kwao, akapita kibanda cha M-Pesa kilichokwisha fungwa, akaporwa penye ukuta mrefu usio na mlango hata mmoja. Soko liko mbali na hapo. Tulikwenda pamoja hadi kwenye ukuta ule, nikaweka alama kwa simu yangu.

Saa nazo zilikuwa na mambo yake. Wengine waliandika "saa 2 usiku", wengine "2000", wengine "baada ya Isha". Kompyuta ikiona 2 inasoma saa nane ya usiku, na mtu aliyeporwa akitoka kazini anahesabiwa miongoni mwa wa usiku wa manane. Nililipitia daftari mstari kwa mstari. "Baada ya Isha" haikunisumbua, maana Mombasa iko karibu na ikweta na nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima. Taabu ilikuwa pikipiki iliyoachwa nje saa nne usiku, mwenyewe akaamka saa kumi na mbili asubuhi haipo. Iliibwa saa ngapi? Jerry Ratcliffe, aliyekuwa polisi London kabla ya kuwa msomi, alieleza na mwenzake mwaka 1998 namna ya kuligawa tukio kama hilo: hapo pana saa 8, basi kila saa inapewa sehemu 1 ya 8. Tukio moja halikuambii lolote, ila ukijumlisha mengi, saa zenye hatari zinajitokeza. Kwangu hii ndiyo mbinu ya haki kuliko zote nilizofundishwa, kwa sababu haimlazimishi mlalamishi kutaja saa asiyoijua.

Picha iliyopatikana ilikuwa wazi: simu ziliporwa hasa baina ya Magharibi na Isha, kwenye vichochoro vichache vinavyotoka steji kuingia mitaani. Doria ilikuwa ikianza usiku umeshaingia sana. Nikapeleka karatasi moja kwenye kikao cha wazee wa mtaa, watu wa Nyumba Kumi na polisi.

"Na hawa wezi ni kina nani?" mkuu wa kituo aliniuliza.

"Ramani haisemi, afande. Inasema wapi na saa ngapi."

Mzee mmoja akadakia: "Mwanangu, hapo penye ukuta taa imekufa zamani. Sisi tunajua." Afande aliitazama karatasi kwa muda, akaomba abaki nayo. Doria ikarudishwa mapema, na wazee wakaifuatilia taa mpaka ikawaka.

Watu wameniomba niitume ramani kwenye makundi ya WhatsApp, na nimekataa. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwapo nisingetuma. Mama aliyepigwa na mumewe akiwekewa alama juu ya paa la nyumba yake, mtaa mzima umeshamjua. Kesi za namna hiyo siziweki kwenye ramani kabisa.

Sasa niko kwenye kupima kama doria imesaidia, na hapa Pwani huwezi kulinganisha Aprili na Aprili ukaridhika. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na ikiingia, Magharibi watu wako ndani wanafuturu, kisha baada ya tarawehe barabara zinajaa mpaka usiku mkubwa. Kwa hiyo nimeongeza safu ya tarehe za Hijria kwenye daftari, na Ramadhani nailinganisha na Ramadhani.