Vipande 34

Mwaka 1997, Temeke, usiku wa kuamkia onyesho la shule, nilikaa sakafuni na redio mbili za kaseti zilizounganishwa kwa waya mmoja. Rafiki yangu alikuwa na mashairi tayari, beti tatu za mistari 16. Biti, yaani mdundo wa kurapu juu yake, hatukuwa nayo, wala pesa za studio.

Nilikuwa na kaseti ya fanki, muziki wa Wamarekani weusi. Katikati ya wimbo vyombo vyote vinanyamaza, zinabaki ngoma peke yake kwa midundo 8, kama sekunde 5 na kidogo. Vipande vya namna hiyo ndivyo DJ Kool Herc, mmoja wa waasisi wa hip hop, alivyovirefusha kwenye sherehe za Bronx, New York, miaka ya 70, kwa nakala mbili za santuri moja. Sisi tulikuwa na kitufe cha pozi.

Unabonyeza rekodi na plei, pozi imebanwa. Redio ya pili unaicheza. Kiki, ule mdundo mzito wa ngoma kubwa, ikikaribia, unaachia pozi kidogo tu kabla yake, maana mkanda hauchukui mwendo papo hapo. Ukichelewa, kiki inamezwa. Ukiwahi, tarumbeta inaingia. Unahesabu 8, unabana kabla kiki ya mdundo wa tisa haijalia, unarudisha kaseti ya fanki, unaanza tena. Stopu usiiguse kabisa: kichwa cha kurekodia kinaachia mkanda, na kwenye kiungo unabaki mlio, "tap". Dakika 3 zilitaka vipande 34.

Kwenye kipande cha 20 umeme ukakatika. Redio ya kuchezea ilikuwa na betri mpya, ya kurekodia ilikuwa na za siku nyingi. Nikaendelea kwa mwanga wa kibatari, na viungo vyote vilikaa sawa.

Asubuhi umeme ulirudi. Rafiki yangu akachana ubeti wa kwanza na wa pili vizuri kabisa. Kufika wa tatu ngoma zikaanza kukimbia, snea, ile ngoma ya mlio mkali, ikawa nyembamba kama kijiko kinachogonga bilauri, pumzi ikamkatika mstari wa tano. Betri zilikuwa zikichoka usiku kucha. Mkanda ulirekodi polepole, na kinachorekodiwa polepole, ukikicheza kwa mwendo wa kawaida, kinakwenda mbio.

Ilikuwa saa moja, onyesho saa nane mchana. Nikairudisha tepu hadi mwisho wa kipande cha 20, nikabana pozi, nikaanza kuhesabu.