Huelgoat kwa miguu: nilivyofuata maji kutoka ziwani hadi mgodini

Ukimtajia mtu Bretagne, rasi ya magharibi mwa Ufaransa, mawazo yake yanakimbilia pwani: minara ya taa, kupwa na kujaa, na samaki. Mimi naishi Rennes, mji mkuu wa Bretagne, na pwani hiyo nimeizoea. Lakini mtu aliyekulia Mwanza akisikia kuna kijiji cha bara, mbali na bahari, ambacho miamba yake imebebana na kuegemeana ovyo, hatulii mpaka aende akaione. Kijiji chenyewe ni Huelgoat, katika mkoa wa Finistère, pembeni mwa vilima vya Monts d'Arrée.

Sina gari, na wengi waliniambia bila gari huko hakufikiki. Kunafikika. Nilipanda treni mpaka Morlaix, mji ambao reli yake inapita juu ya daraja la mawe lenye kimo cha mita 58 hivi, nyumba zikiwa chini yake. Kutoka stesheni kuna basi la kwenda Carhaix linalopita Huelgoat. Ushauri wangu ni mmoja: tazama ratiba ya basi kwanza, ndipo ukate tiketi ya treni. Mabasi ni ya kuhesabu, na Jumapili ndiyo kabisa.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, kwenye nyumba ya mawe karibu na ziwa. Jambo lililonifungulia milango pale halikuwa Kifaransa changu, ni salamu. Ukiingia duka la mikate unawasalimu wote waliomo, hata usiowajua, na ukitoka unaaga. Kwa mtu aliyelelewa Usukumani hilo si somo jipya. Siku ya pili muuza mikate alishanijua, na yeye ndiye aliyeniambia nisianze na ramani ya vivutio. Nianzie pale maji yanapotoka ziwani, kisha niyafuate.

Basi nikayafuata. Mwisho wa ziwa kuna kinu cha zamani, na hatua chache kutoka hapo mto unapotea. Unausikia tu, ukinguruma chini ya lundo la mawe makubwa yaliyovaa ukoga wa kijani, na kangaga zimeota katika kila upenyo. Kuna mahali wanapopaita Pango la Ibilisi. Unashuka kwa ngazi ya chuma, ukishikilia sana kwa sababu inateleza, na huko chini unakuta maji yakipita kasi gizani. Juu kidogo kuna mawe yaliyochongwa na maji yakawa na mabonde kama ya sufuria, nayo huitwa vyombo vya jikoni vya Bikira Maria. Shetani na Bikira wamepangiwa vyumba jirani, na hakuna anayelalamika.

Hadithi ya wenyeji ni kwamba jitu Gargantua lilipita likiwa na njaa, likapewa uji tu wa ngano nyeusi, likaondoka na hasira na kuwarushia mawe kutoka mbali. Nimeipenda, ila maelezo ya kijiolojia yamenikuna zaidi, maana ndiyo yaleyale tuliyofundishwa shuleni kuhusu miamba ya Mwanza. Graniti ilipoa chini kabisa ya ardhi, ikapata nyufa. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakaozesha jiwe polepole likawa mchanga, na viini vigumu vikabaki vimeviringika. Mto ukaja kuuondoa mchanga, na viini vikalaliana vilivyo leo. Tofauti ni umri: graniti ya Huelgoat ina zaidi ya miaka milioni 300, ya kwetu zaidi ya bilioni 2.5. Nilimweleza hivyo mama mwenye nyumba, akasema basi haya yao bado ni watoto.

Jiwe linalotikisika, Roche Tremblante, lina uzito wa tani 137, na kila mgeni hulisukuma kwa mikono halafu akaondoka akisema ni uongo. Nililiona likisogezwa na msichana mdogo. Hakutumia mikono. Aliingia kwenye kona moja ya jiwe, akaligeuzia mgongo, akakanyaga imara, akasukuma kwa miguu, akaachia, akasukuma tena kwa mwendo uleule. Baba yake alikuwa amechomeka kijiti chini ya ukingo wa pili, nacho kikaanza kupanda na kushuka. Mwendo wake ni mdogo sana. Bila kile kijiti nisingeamini. Nilipochukua nafasi ya msichana nililisikia mgongoni kabla ya kuliona. Kwetu kuna jiwe linalocheza katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, kwa hiyo nilijiona nimefika kwa ndugu.

Angalia pia mawe yaliyo kando ya njia. Mengine yana mistari ya vishimo vidogo, alama za tindo za wachonga mawe waliokuwa wakiyapasua na kuyauza kwa ujenzi. Hiki kinachoonekana ni kile kilichosalia baada ya watu kugundua kwamba mawe yakiwa mazima yana faida kuliko yakiwa matofali. Msitu wenyewe pia si wa kale kama unavyodhani: kimbunga cha Oktoba 1987 kiliangusha sehemu kubwa ya miti yake.

Sasa, yale maji. Ziwa nililoliona kuwa zuri si la asili. Lilitengenezwa kwa kuzuia maji katika karne ya 18 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi na fedha. Maji yake yalipelekwa kwa mfereji mwembamba unaozunguka kilima karibu bila mteremko, yakaendeshe mitambo ya mgodini. Njia ya kutembea inafuata ukingo wa mfereji huo, tambarare, chini ya miti, na hata mtu mwenye magoti mabovu anaiweza. Bondeni unapita Mto wa Fedha. Madini ya laumontite, yanayojulikana na wanajiolojia dunia nzima, yalitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mgodi huu na yakapewa jina la Gillet de Laumont, mtaalamu wa madini Mfaransa. Leo mgodini pako kimya, kuna magofu tu na vichaka. Ukitoka kanda ya Ziwa, ambako tunajua kelele za machimbo, utapatazama kwa jicho lako mwenyewe.

Nilipanda pia Camp d'Artus, ngome ya Wagalia, watu wa kale wa Ufaransa, iliyochimbuliwa na mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler mwaka 1938. Kusema kweli, bila mtu wa kukueleza utaona matuta ya udongo na miti.

Chakula hakikunipa shida. Mkate wao wa ngano nyeusi ni chapati ya maji iliyokaangwa kwenye chuma kipana. Mimi niliomba yai na jibini, bila nyama ya nguruwe. Na wanaushushia kwa maziwa ya mgando! Yaagize kwa jina lao, lait ribot.

Lakini kilichonigusa kama Msukuma kiko kilomita saba hivi nje ya kijiji, katika kanisa dogo la Saint-Herbot. Basi halifiki, mzee mmoja jirani yetu alinipeleka kwa gari lake. Mtakatifu Herbot ndiye mlinzi wa ng'ombe. Mbele ya uzio wa mbao uliochongwa kwa ufundi mkubwa kuna meza mbili za mawe, ambapo wafugaji walikuwa wakiweka nywele za mikia ya mifugo yao kumwomba ailinde. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye jiwe la tani 137.

Mzee akaniuliza sisi mkia wa ng'ombe tunaufanyia nini. Nikamwambia tunatengeneza usinga, wazee wanaushika na wachezaji ngoma wanaupunga. Akauliza iwapo tunao mtakatifu wa ng'ombe. Nikamjibu hatuna, ila ng'ombe wetu tunawajua mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Akacheka, akasema marehemu baba yake alikuwa hivyohivyo, na njia nzima ya kurudi akawa ananitajia majina ya ng'ombe wa baba yake, kwa Kibretoni, lugha ya asili ya huko, na kila jina akinieleza huyo alikuwa na tabia gani.