Kanga kavu kwanza

Kikundi chetu cha akina mama hapa Wete, kisiwani Pemba, kinaandaa ndoo za msaada kwa wakimbizi wanaofika kwa bahari. Juzi jirani yangu alikuja na kilo mbili za mchele na mfuko wa mitumba, akaniuliza vinatosha. Nikamwambia, shoga, kaa nikuhadithie nilivyoshuka chomboni.

Nilikuwa na miaka 13. Maandamano ya chama cha upinzani cha CUF hapa Zanzibar, 27 Januari 2001, yalipoishia kwa risasi na vifo, wanaume wa kwetu walihamia vichakani. Usiku wa tatu mama alitupakia mashuani kwenda Shimoni, Kenya. Tuliovuka siku zile tulipindukia 2,000. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, safari hii ilitoa wa kwake. Kaskazi ilikuwa kali, maji yanaingia chomboni, sisi watoto tunatapika mpaka nyongo.

Aliyenipokea ufukweni hakuniuliza neno. Alikuwa mama wa Kivumba, Waswahili wa pwani ile ya kusini ya Kenya, lafudhi yake mbali na yetu lakini tunaelewana. Alinizungushia kanga watu wasinione, akanivua gauni lililoniganda mwilini, akanifunga nyingine kavu. Ndipo nikaacha kutetemeka. Mama alitaka tupewe wali hapo hapo. Yule mama akamwambia, "Dada, ngoja kwanza," akatunywesha maji ya sukari yenye chumvi kidogo, funda moja moja.

Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya afya ya shehia, nilijifunza vipimo vyake: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, visawazishwe juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto mdogo. Kwa hiyo kila ndoo yetu ina sukari, chumvi, kikombe na kijiko cha chai. Kijiko nakisisitiza, maana aliyekimbia usiku hakubeba kijiko, na kukisia kwa kiganja kwenye chumvi ni hatari.

Dada yangu mkubwa alikaa mkekani siku mbili hanyanyuki. Tulidhani anaumwa. Kumbe alikuwa katika siku zake, hana kitambaa, na waliokuwa wakigawa vitu pale kwetu wote ni wanaume. Angemwambia nani? Yule yule mama wa Kivumba ndiye aliyeng'amua, akachana kanga kuukuu vipande vipande, akamletea na kipande cha sabuni. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu lilikuwa jambo dogo mno kulitatua. Vitambaa vya hedhi na sabuni vinaingia kwenye ndoo kabla ya mchele, na mgawaji wa vitu hivyo awe mwanamke.

Kisha daftari. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani alipita kwa kila familia akiandika jina, jina la baba, kijiji, mmekuja wangapi, mnamtafuta nani. Ami yangu alivuka kwa chombo kingine na hatukujua kama amefika. Njaa tuliivumilia, kilichomliza mama usiku ni hilo. Siku ya nne ami alitukuta kwa sababu alisomewa lile daftari. Daftari na kalamu mbili vimo, ndani ya mfuko wa plastiki visilowe.

Wenzetu wengine walipelekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, bara kabisa. Sisi tulirudi baada ya muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba 2001.

Oktoba 2020 niliona picha za mashua zikishusha watu ufukwe wa Paquitequete, kwenye mji wa Msumbiji unaoitwa Pemba kama kisiwa chetu. Walikuwa wanakimbia mapigano ya jimbo la huko, Cabo Delgado. Kulikuwa na msichana wa rika langu la wakati ule, nguo imemganda mwilini, amejikumbatia. Wiki ile ile ndipo nilipowaita akina mama tuanze ndoo hizi, ziwe tayari kwa yeyote atakayeletwa na bahari.

Jirani aliondoka na mchele wake, jioni akarudi na kanga tatu. Zimetimiza ndoo ya sita. Ya saba bado vitambaa.