Kuanzia kwenye kilima: jinsi ninavyolinganisha baiskeli za umeme

Anayetaka kununua baiskeli ya umeme huonyeshwa namba tatu kabla ya kitu kingine chochote: umbali wa chaji moja, wati za mota na bei. Namba hizo huandikwa kana kwamba kila moja inajitegemea, ilhali kwenye njia yenye vilima zote huingia katika hesabu moja, kwa sababu mwinuko hula betri, betri ndiyo inayoamua umbali, na betri hiyo hiyo ndiyo kifaa cha gharama kubwa ambacho mwenye baiskeli atalazimika kukinunua tena siku moja. Kwa hiyo mimi huanza na mwinuko mkali kuliko yote katika njia inayokusudiwa, kisha ndipo ninapougeukia umbali na thamani.

Tuchukue mwendeshaji wa kilo 80 juu ya baiskeli ya kilo 25, anayepanda mwinuko wa asilimia 10, yaani ule unaoinuka mita 10 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Ukijumlisha uzito na ukinzani wa tairi, gurudumu linahitaji kusukuma kwa takriban nyutoni 113 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kusukuma). Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, hizo ni wati zipatazo 310. Kwa kilomita 15 kwa saa, ni takriban wati 470. Mtu wa kawaida mwenye afya anaweza kutoa wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi, na zinazobaki hana budi kuziomba kwenye mota. Hapo ndipo kibandiko cha wati kinapoanza kupotosha. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli za kawaida za umeme zinazofuata kiwango cha EN 15194 zina mota ya wati 250, na msaada wake hukoma mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Lakini wati hizo 250 ni nguvu ya kudumu, ile ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kupata joto la kuidhuru. Mota hiyo hiyo inaweza kutoa zaidi ya wati 500 kwa muda mfupi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu mota isiyofika wati 750, na bado mota yenye kibandiko kikubwa namna hiyo inaweza kushindwa pale ambapo ile ya 250 inapita. Wati za kwenye kibandiko, kwa maoni yangu, zinamfaa mtu wa sheria zaidi kuliko mpanda mlima.

Kinachomfaa mpanda mlima ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Kwa gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 35, mwinuko wetu wa asilimia 10 unadai nyutoni-mita 40 kwenye gurudumu, na mwinuko wa asilimia 20 unadai takriban 74. Sasa mnunuzi ataona mota ya kitovuni, ile inayokaa katikati ya gurudumu lenyewe, iliyoandikwa nyutoni-mita 60 na mota ya katikati, ile inayokaa kwenye ekseli ya pedali, iliyoandikwa 85, kama zilivyo Bosch Performance Line CX na Shimano EP8, naye atadhani kwamba tofauti yake ni hizo 25. Sivyo hata kidogo. Torki ya mota ya kitovuni hupimwa pale pale kwenye gurudumu na haibadiliki kwa gia za mnyororo. Torki ya mota ya katikati hupimwa kwenye pedali, kisha hupitia mnyororo na gia kabla ya kufika kwenye gurudumu. Ikiwa sproketi ya mbele, yaani duara la meno linaloshika mnyororo, ina meno 34 na ya nyuma iliyochaguliwa ina meno 51, nyutoni-mita 85 zinakuwa zaidi ya 127 kwenye gurudumu. Mwendeshaji akisahau kubadilisha gia na kubaki kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 11, zinashuka hadi 27 tu. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuisifu na kuilaani baiskeli moja kwenye kilima kimoja, na wote wawili wakawa wakweli.

Mota ya kitovuni ina tatizo jingine ambalo halionekani katika maelezo ya muuzaji. Kwa kuwa imeundwa ifanye kazi vizuri inapozunguka kwa mwendo wa tambarare, ikilazimishwa kuzunguka polepole sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto ndani ya nyaya zake badala ya kuwa msukumo. Mwinuko mfupi hauidhuru. Mwinuko mrefu unaopandwa kwa kilomita 8 kwa saa huichosha, na kontrola nzuri, yaani kifaa kinachodhibiti umeme uendao kwenye mota, itapunguza nguvu ili kuinusuru, ilhali kontrola mbaya itaiacha iungue. Mota za kitovuni zenye gia ndani yake hustahimili hali hii kuliko zile zisizo na gia. Hizi za pili hujitetea kwa kudai kwamba zinarudisha umeme kwenye betri wakati wa kuteremka, jambo ambalo ni kweli, lakini baiskeli ni nyepesi mno na hewa hula sehemu kubwa ya nguvu ya mteremko, kiasi kwamba kinachorudi ni kidogo. Mimi siwezi kuchagua baiskeli kwa sababu hiyo peke yake, ingawa nakubali kwamba breki hupumzika.

Kuhusu umbali, jambo la kwanza ni kuacha kabisa kulinganisha betri kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina wati-saa 504, ambazo ndizo kipimo cha nishati yote iliyomo. Ya volti 48 na ampea-saa 10.4 ina wati-saa 499. Ni betri mbili zilizo sawa, japo namba ya 14 inavutia kuliko ya 10.4. Zidisha volti kwa ampea-saa, kisha linganisha wati-saa kwa wati-saa.

Jambo la pili ni kujua nini kinazitumia wati-saa hizo. Kwenye tambarare isiyo na upepo, mwendeshaji wetu aliyekaa wima anahitaji wati-saa 7 hivi kwa kilomita akiwa kwenye kilomita 25 kwa saa. Akiongeza mwendo hadi 32, zinakaribia 10. Akifika 45, zinazidi 16. Mwendo ndio mlaji mkubwa wa betri kwenye tambarare, kwa kuwa ukinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Upepo wa mbisho huleta balaa hilo hilo: anayekwenda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 kwa saa hukabiliana na ukinzani wa hewa mara tatu ya ule wa siku tulivu. Kwenye vilima hesabu ni nyepesi zaidi, kwa sababu kila mita 100 za kupanda juu hudai takriban wati-saa 29 kwa uzito ule wa kilo 105, uende kasi au polepole.

Hebu tuziunganishe. Njia ya kilomita 30 yenye jumla ya mita 600 za kupanda itadai wati-saa 200 hivi za tambarare na 172 za vilima, jumla yake ikiwa 372, nami naacha kuhesabu faida ya mteremko ili makadirio yaelemee upande wa tahadhari. Mwendeshaji anayekanyaga kwa wati 100 kwa muda wa saa moja na nusu anachangia wati-saa 150, hivyo mota inabakiwa na 222. Na kwa kuwa asilimia 20 hivi hupotea ndani ya mota na kontrola, betri itatoa takriban 280. Betri ya wati-saa 500 inaimaliza njia hiyo na akiba juu. Lakini anayetumia akseleta ya mkononi bila kukanyaga ataidai betri hiyo wati-saa 465, na atafika akiwa na wasiwasi. Tangazo linaloahidi kilomita 100 kwa betri ya wati-saa 500 linamaanisha wati-saa 5 kwa kilomita, kiwango kinachofikiwa na mtu mwepesi, kwenye tambarare, kwa msaada wa chini kabisa. Si uongo, ila halimhusu mwenye kilima.

Aina ya kihisi nayo inagusa umbali. Kihisi cha torki hupima unavyokanyaga na kuongeza msaada kwa kiasi hicho. Kile kinachohisi mzunguko wa pedali peke yake hutoa msaada ule ule hata miguu ikizunguka bure, na kwa hiyo humfundisha mwendeshaji uvivu ambao betri ndiyo inayoulipia.

Thamani ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi huiangalia kijuujuu. Gharama ya kuchaji ni ndogo mno, kwa sababu betri ya wati-saa 500 haimalizi hata yuniti moja ya umeme. Gharama halisi ni kuchakaa kwa betri yenyewe. Betri za lithiamu za baiskeli kwa kawaida hutarajiwa kustahimili chaji kamili kuanzia 500 hadi 1,000 kabla uwezo wake haujashuka vya kutosha kumsumbua mwenyewe. Ukichukua 500, na matumizi ya wati-saa 10 kwa kilomita, unapata kilomita 25,000. Kwa hiyo mimi hujumlisha bei ya baiskeli na bei ya betri moja ya akiba, kisha hulinganisha jumla hizo badala ya bei za mwanzo. Baiskeli ya bei nafuu ambayo betri yake ina umbo la pekee na haipatikani tena baada ya miaka michache inaweza kuwa ghali kuliko ile iliyoonekana ya kifahari. Ikumbukwe pia kwamba betri iliyoshuka hadi asilimia 80 ni ya wati-saa 400, na yule wa akseleta hatafika tena.

Mota ya katikati hutafuna mnyororo na sproketi haraka, nayo hiyo ni gharama inayojirudia. Mota ya kitovuni huokoa mnyororo, lakini pancha ya gurudumu hilo huwa kazi ya kufungua waya na nati, na spoki zake hubeba mzigo zaidi. Wepesi wa baiskeli nao huuzwa ghali. Kupunguza kilo 7 katika jumla ya kilo 105 huokoa chini ya asilimia 7 ya kazi ya kilima, na kwa hiyo naona wepesi unawafaa wanaobeba baiskeli kwenye ngazi. Usalama wa betri si wa kujadiliana bei: mwaka 2023 jiji la New York lilianza kutaka baiskeli za umeme zinazouzwa humo zithibitishwe kwa kiwango cha UL 2849, kutokana na mioto iliyosababishwa na betri za lithiamu.

Kwa anayeishi kwenye tambarare au miinuko mifupi isiyozidi asilimia 6, ningependekeza mota ya kitovuni yenye gia na kihisi cha torki, na pesa iliyookolewa iende kwenye betri kubwa zaidi. Mwenye miinuko mirefu ya asilimia 8 na kuendelea anahitaji mota ya katikati, na ajifunze kubadilisha gia kabla ya kufika kwenye kilima. Wote wawili waombe kuijaribu baiskeli ikiwa na chaji ya asilimia 30 hivi. Betri ya volti 48 ikijaa huwa na volti 54.6, na zikishuka nguvu ya mota hushuka nazo, hivyo jaribio la betri iliyojaa huificha baiskeli dhaifu. Panda hadi katikati ya mwinuko, simama kabisa, kisha anza upya ukiwa umekaa kwenye tandiko.