Siku fizi za Kungu zilipogeuka nyeupe

Paka wetu Kungu alikuwa ameishi na virusi vya leukemia (saratani ya damu) ya paka zaidi ya mwaka alipoacha kurukia dirishani. Chakula alikuwa bado anakigusagusa, ndiyo maana tungeweza kupitwa. Nikampandisha mdomo wa juu kwa kidole gumba nikatazama ufizi. Ufizi wa paka mzima ni wa waridi. Ukiubonyeza na kuachia, rangi hurudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Wa Kungu ulikuwa mweupe hata kabla sijaugusa. Alipolala nilihesabu pumzi zake: 44 kwa dakika, na paka aliyelala hupumua chini ya 30.

Nyumbani kwenye paka wa namna hii, wazo la kwanza ni kwamba leukemia imemaliza kazi. Wazo hilo lina msingi. Virusi hukaa ndani ya uboho wa mifupa na vinaweza kuuzuia usitengeneze chembe nyekundu. Lakini pia hudhoofisha kinga, na kinga ikishuka magonjwa mengine huingia, mengi yake yakiwa na dawa. Paka wengi hupotea hapo, kwa sababu kila dalili inaandikwa jina la leukemia na hakuna anayetafuta zaidi.

Tulimbeba ndani ya sanduku lake bila kumvutavuta, kwa kuwa paka aliyepungukiwa damu akipambana anaweza kuzimia mikononi. Kwa daktari wa mifugo tuliomba mambo mawili: hesabu ya chembe nyekundu changa, na tone la damu mbichi litandazwe kwenye kioo palepale. Chembe changa ndizo zinazosema ukweli. Zikiwa hazipo, uboho umelala. Zikiwa nyingi, uboho unafanya kazi na damu inaharibiwa au inavuja mahali pengine. Kiwango cha chembe nyekundu cha Kungu kilikuwa asilimia 15 ya damu yake, wakati kinatakiwa kuwa 30 hivi au zaidi. Chembe changa zilikuwa tele.

Chini ya hadubini vilionekana vinukta vidogo vimeng'ang'ania kingo za chembe nyekundu. Vilikuwa vijidudu vya maikoplazma, ambavyo huifanya kinga ya paka ishambulie damu yake mwenyewe. Damu ikikaa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, vijidudu hivi hubanduka na kioo huonekana safi. Hata kwenye damu mbichi huja na kutoweka, kwa hiyo daktari alituma pia kipimo cha vinasaba ili kuthibitisha. Kuongezewa damu kulizungumzwa, na kundi lake likapimwa kwanza: paka wa kundi B akipewa damu ya kundi A anaweza kufa hata kwa kiasi kidogo. Bahati nzuri hakufika huko.

Dawa ilikuwa doksisaiklini, antibiotiki, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa wiki nne. Kungu alikuwa na kilo 4, basi miligramu 40. Kidonge hiki kinataka uangalifu kuliko vingine: kikikwama kooni kinachoma umio, na kovu lake huuziba paka asimeze tena. Kwa hiyo kila baada ya kidonge, sirinji isiyo na sindano, mililita 6 za maji, ncha yake pembeni nyuma ya chonge, kidogo kidogo, kichwa kikiwa usawa wake wa kawaida. Kichwa kikiinuliwa juu, maji huenda mapafuni.

Chakula laini tulikipasha hadi kifikie joto la mwili, kwani paka mgonjwa hula kwa pua. Hili si la kubembelezana: paka akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na unapata ugonjwa wa pili mkubwa kama wa kwanza.

Viroboto hushukiwa kueneza maikoplazma, kwa hiyo paka wote watatu walipakwa dawa siku hiyohiyo, dawa ya paka. Ile ya mbwa yenye permethrini huua paka.

Wale wawili wengine walikuwa wamepimwa hawana leukemia na wamechanjwa mara mbili, wiki tatu mbali. Chanjo haiharibu kipimo cha haraka cha leukemia, kwa hiyo tuliweza kuwapima tena bila kuchanganyikiwa. Hata hivyo hakuna chanjo inayokinga kila paka, na mate ndiyo njia kuu ya virusi hivi, basi Kungu alibaki na chumba chake, bakuli zake na mchanga wake. Wazima walihudumiwa kwanza, yeye mwisho, kisha mikono kwa sabuni. Nje ya mwili virusi hivi ni dhaifu. Sabuni ya kawaida inavimaliza.

Wiki ya pili aliruka kitandani. Kipimo cha mwisho wa dawa kilionyesha chembe nyekundu asilimia 29. Leukemia ilikuwa palepale, na maikoplazma inaweza kujificha kwenye damu baada ya tiba. Kwa hiyo tuliendelea kumtazama ufizi kila asubuhi kwenye mwanga wa dirisha, kumpima uzito kila wiki, na kumrudisha kupimwa damu kila miezi sita, au siku ileile ufizi ukififia.