Mbuzi wa Somo Wetu

Mwaka 2014 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi. Jioni ile, majivu bado yako kwenye paji la uso, mwenyekiti wa jumuiya alinifuata sakristia, chumba cha maandalizi kanisani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele na milele, amina."

Hakuzunguka. Mbuzi ameshanunuliwa, keshokutwa ni siku ya somo wetu, yaani msimamizi wa jumuiya, Mtakatifu Felista, mimi kazi yangu tafakari tu. Keshokutwa ilikuwa Ijumaa.

Nilifungua kalenda ya liturujia nikamwekea kidole mahali penyewe. Siku za watakatifu zina madaraja yake: sherehe, sikukuu, kumbukumbu. Perpetua na Felista, mashahidi, 7 Machi, ni kumbukumbu, na kumbukumbu ikikutana na Kwaresima hushuka. Padre akipenda anasali Kolekta, ile sala ya mwanzo wa Misa, ya mashahidi hao, basi. Masomo yanabaki ya siku na kanzu inabaki zambarau. (Anayeanza utumishi huu hukimbilia nyekundu kwa kuwa ameona neno "mashahidi". Hata mimi utepe wa kitabu nilikuwa nimeshauweka kwenye masomo ya mashahidi.) Kuhusu nyama, kanuni ya 1251 ya Sheria za Kanisa inaikataza siku ya Ijumaa, na inaachia pale tu Ijumaa inapokutana na sherehe. Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, ni sherehe: mwaka 2010 aliangukia Ijumaa, na aliyekula nyama siku ile hakuvunja kitu.

"Kwa hiyo Yosefu ana mbuzi, Felista hana?"

Nikamwambia hana, na kila aliyetimiza miaka 14 hana pia. Akaondoka amenuna. Sikumlaumu, maana hela ya mbuzi ilichangwa tangu Januari.

Masomo ya Ijumaa baada ya Majivu ni Isaya 58:1-9, Zaburi ya 51, na Mathayo 9:14-15, Injili ya aya mbili tu. Jumuiya yetu husali saa 12 asubuhi kabla watu hawajaenda shamba, na tafakari ikipita dakika saba akina mama wanaanza kutazama jua. Kinachoharibu tafakari nyingi za siku ya mtakatifu ni maisha yake kumeza Neno. Kwa Perpetua hatari inazidi, kwa sababu aliandika mwenyewe gerezani, na aliandika vizuri ndoto yake: ngazi ya shaba iliyozungukwa na mapanga na mikuki, joka limelala chini yake, mchungaji mwenye mvi anayemlisha maziwa yaliyoganda, naye akaamka bado ana utamu mdomoni. Alhamisi usiku nilijaza kurasa tatu za habari hizo, nikazikata zote. Katika maisha ya mtakatifu huwa natafuta tukio moja linalogusa mstari mmoja wa somo la siku, na ngazi ile, pamoja na uzuri wake, haikugusa mstari wowote wa Isaya.

Felista ndiye aliyegusa. Ni Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203. Felista ni mtumwa, amekamatwa pamoja na Perpetua kwa ajili ya imani akiwa mjamzito, na mimba imefika mwezi wa nane. Sheria ilikataza mjamzito kuuawa, kwa hiyo hofu yake ilikuwa kuachwa nyuma, aje kufa baadaye katikati ya wahalifu asiowajua. Wenzake walimwombea, akajifungua mtoto wa kike mle mle gerezani. Mlinzi akamkejeli: ukilia hivi sasa, ukitupwa mbele ya wanyama wakali utafanyaje? Akajibu kwamba haya anayateseka mwenyewe, lakini kule atakuwamo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake.

Isaya anauliza kama saumu aliyoichagua Bwana si "kufungua vifungo vya uovu, kuzilegeza kamba za nira". Kwetu kufunga, kifungo, kufungua na kujifungua vyote ni shina moja, kwa hiyo msikilizaji hasahau. Ila ushikamani huo ni wa Kiswahili chetu. Nabii hakuwa nao katika Kiebrania, na anayetafakari asimsingizie. Niliutaja kama kigingi cha kumbukumbu, nikaendelea.

Ijumaa asubuhi tulikuta mbuzi amefungwa kwenye mgomba, hatua kumi kutoka tulipokaa. Msomaji alipofika "kamba za nira", mbuzi akalia kwa sauti ndefu. Watoto waliangua kicheko, na mwenyekiti akainamisha kichwa. Nilingoja wanyamaze, kushindana na mbuzi ni kupoteza dakika mbili.

Nilimaliza na yule mtoto wa Felista: dada mmoja Mkristo alimchukua akamlea kama binti yake. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza jina la huyo dada. Nikamjibu kuwa simulizi la kale halimtaji, ingawa limewataja wenzake wa gerezani, Saturus, Revokatus, Saturninus na Sekundulus.

"Basi huyo ndiye aliyefunga saumu ya Isaya," akasema, "na hakuna jumuiya hata moja yenye jina lake."

Hilo sikuwa nimeliandika popote, na lilikuwa bora kuliko nilichoandika. Tena hakuishia hapo. Alikumbusha kwamba nyumba ya tatu kutoka pale kuna binti amejifungua tangu Jumapili na mwanamume wake hajulikani alipo. Hela ya mchele na soda za somo ilikuwa mfukoni mwa mweka hazina. Kabla ya saa mbili akina mama walishatoka na mikungu miwili ya ndizi, maharage, sukari na kanga.

Kwenye ibada ya Njia ya Msalaba saa tisa mwenyekiti alinong'ona kuniuliza kama Jumamosi nyama inaruhusiwa. Inaruhusiwa, nikamwambia. Alifikiri kidogo, akasema hapana, atamtunza. Mbuzi alikula majani ya mwenyekiti siku 45, akachinjwa Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili, na yule binti alikuja na mtoto mgongoni.