Siku moja ya dalali wa jeti, kati ya Wilson na Oklahoma City

Saa kumi na moja alfajiri

Siku yangu huanza kwa kusoma barua pepe zilizoingia usiku, kwa sababu katika mwezi huu wa Agosti Oklahoma City iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, na wenzetu wa huko hufunga ofisi wakati sisi tuko usingizini. Watu hushangaa ninapowaambia kwamba jeti iliyoegeshwa hapa Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, inayouzwa na kampuni ya Nairobi kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ni lazima mauzo yake yapitie mji huo wa katikati ya Marekani. Sababu ni usajili. Jeti hii ina herufi N ubavuni, alama ya usajili wa Marekani, na kwa kuwa sheria ya Marekani hairuhusu mgeni asiye mkazi wa kudumu kusajili ndege kwa jina lake, mwenye mali ameiweka chini ya mdhamini wa Kimarekani, ambaye ndiye mmiliki katika maandishi. Daftari la usajili la mamlaka ya anga ya nchi hiyo liko Oklahoma City, na kando yake zimejengeka kampuni zinazoshika fedha za mnunuzi na hati ya mauzo ya muuzaji mpaka masharti yote yatimie, kisha zikaachilia vyote kwa wakati mmoja.

Barua ya leo, kutoka kwa mojawapo ya kampuni hizo, ni fupi. Amana ya dola 50,000 iko salama mikononi mwao, na wananikumbusha kwamba muda wa mnunuzi kutamka kama ameikubali hali ya ndege unakwisha leo saa kumi na moja jioni kwa saa zao, yaani saa saba usiku kwetu. Akishatia saini ya kukubali, amana hiyo hairudi tena, isipokuwa muuzaji mwenyewe awe ndiye aliyevunja mkataba. Mimi ni dalali wa mnunuzi, na malipo yangu hutoka siku mauzo yanapofungwa. Nalisema hili wazi kwa kila mteja tangu siku ya kwanza, ili ajue kwamba ninapomwambia asubiri, ninajichelewesha na mimi pia.

Saa moja asubuhi

Nimefika Wilson kabla Barabara ya Lang'ata haijajaa magari. Leo ni siku ya nne ya ukaguzi. Karakana tuliyoichagua haijawahi kuitengeneza ndege hii, na hilo ndilo sharti langu la kwanza katika kila ununuzi: fundi aliyeihudumia ndege kwa miaka asiwe ndiye anayemkagulia mnunuzi, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa maana macho yake yameshaizoea.

Ndege yenyewe ni Cessna Citation Bravo, aina iliyoanza kukabidhiwa wateja mwaka 1997 na kuacha kutengenezwa mwaka 2006. Mabawa yake yamenyooka, hayakulalia nyuma kama ya jeti kubwa, na ndiyo maana inaufaa uwanja huu, ambao njia zake za kurukia zina urefu wa kama kilomita moja na nusu tu, tena uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na kila ndege hulazimika kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Mteja wangu alipokuja mara ya kwanza alikuwa amependa jeti kubwa kuliko hii. Tulikaa naye, tukaandika safari zake zote za mwaka mzima, nyingi zikiwa za Dar na Mwanza, na chache za Johannesburg, ambako ni karibu kilomita 2,500 kutoka Dar. Alipoona mwenyewe kwamba Bravo inamfikisha kote huko bila kutua njiani, akaacha kuiulizia ile nyingine.

Fundi ameshaondoa viti viwili vya nyuma na kufunua sakafu ya chooni. Hapo ndipo ninapopenda kuanzia, kwa sababu maji yanayovuja chooni huingia chini ya sakafu na kula bati polepole bila mtu kuona, huku abiria akiendelea kusifu ngozi ya viti. Tunamulika kwa tochi. Kuna doa moja la kutu, jeupe kama chumvi, lenye upana wa kidole, na fundi analikwangua kwa ncha ya plastiki mpaka bati linang'aa. Halijaingia ndani.

Kisha tunahamia injini ya kulia. Kamera yenye mkia mwembamba kama mrija wa kunywea soda inapitishwa kwenye tundu la plagi ya kuwashia, na kijana wa karakana anaizungusha injini kwa mkono, taratibu, huku mapanga ya tabaini, sehemu ya injini inayozungushwa na gesi ya moto, yakipita mbele yetu kwenye skrini moja baada ya jingine. Yana rangi ya kahawia yenye madoa ya kijivu, hali ya kawaida kwa chuma kilichopigwa na moto kwa maelfu ya saa. Panga moja lina mkwaruzo ukingoni. Fundi anaisimamisha picha, anapima, anafungua kitabu cha mtengenezaji, anapima tena.

"Liko ndani ya kiwango, dada," ananiambia, "lakini naliandika."

Ni hayo maneno mawili ya mwisho yanayonifanya nirudi kwake kila mara.

Saa nne asubuhi

Sehemu hii ya siku ndiyo ambayo wateja hawaioni, nayo ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Ofisini pamepangwa masanduku manne ya vitabu vya kumbukumbu za ndege, kuanzia siku ilipotoka kiwandani Wichita hadi juzi. Kila tairi iliyobadilishwa na kila pampu iliyofunguliwa lazima iwe imeandikwa humo, ikiwa na tarehe, namba ya kipuri na saini ya mtu mwenye leseni. Kitabu kimoja kikipotea, bei ya ndege huanguka kuliko inavyoanguka kwa rangi iliyobabuka au zulia lililochakaa, kwa sababu rangi na zulia hununuliwa, ila historia haina duka.

Vipuri vinavyonitia wasiwasi ni vile vyenye ukomo wa maisha. Diski ya tabaini, ile sahani ya chuma inayobeba mapanga, huhesabiwa kwa mizunguko: ndege ikiruka na kutua, umehesabika mmoja. Mizunguko iliyoruhusiwa na mtengenezaji ikitimia, diski hutolewa hata kama kwa macho ni nzima kabisa, kwa kuwa ikipasuka inapozunguka hakuna ganda la injini linaloweza kuizuia. Ndiyo sababu kila diski inapaswa kuwa na karatasi zinazoonyesha maisha yake tangu kuzaliwa. Isiyo nazo huchukuliwa kuwa imeshamaliza umri wake.

Katika kitabu cha injini ya kulia, ukurasa wa mwaka 2014, naona kwamba diski moja ilibadilishwa kwenye karakana moja ya Marekani, na iliyowekwa haikuwa mpya. Mwandiko ni safi: namba ya diski ipo, na mbele yake kumeandikwa kwamba ilikuwa imetumika mizunguko 1,912. Ninatafuta cheti kilichokuja nayo kutoka kwenye injini ilikotolewa. Ninageuza kurasa za mbele na za nyuma, nafungua bahasha zilizobandikwa ndani ya jalada, nawaita wenzangu wawili tupekue sanduku zima upya. Hakipo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nihangaike na karatasi moja wakati injini imeruka nayo salama miaka yote hii. Jibu langu ni lililotokea mwaka 2023, wakati mamlaka za anga za Ulaya na Uingereza zilipotoa tahadhari kwamba kampuni ya AOG Technics ya London ilikuwa imeuza vipuri vya injini vyenye vyeti vya kughushi, na mashirika makubwa ya ndege yakalazimika kusimamisha ndege zao ili kuvitafuta na kuving'oa. Cheti ndicho kitu pekee kinachotofautisha chuma chema na chuma kinachofanana nacho.

Ninaiandikia karakana ile ya Marekani, nikitaja namba ya injini, namba ya diski na tarehe ya kazi. Huko bado ni saa nane za usiku.

Saa sita mchana

Nakula wali na maharage palepale mezani. Simu inaita: kijana ananiambia kwamba ana Gulfstream inayouzwa, mwenyewe yuko tayari, ananitumia picha. Namuuliza swali moja, kama ana barua ya idhini kutoka kwa mwenye ndege. Anasema anayo ya rafiki yake anayemfahamu mwenye ndege. Namjibu kwa heshima kwamba tutazungumza siku barua hiyo itakapopatikana.

Jambo hili linaniumiza kwa dhati. Picha za ndege moja huzungushwa kwenye WhatsApp na watu sita, kila mmoja akiongeza juu ya bei kiasi chake mwenyewe, na mwisho mnunuzi wa Kampala au Lubumbashi anaambiwa bei ambayo muuzaji hajawahi kuitaja. Udalali ni kazi ya zamani na ya heshima katika pwani yetu, na dalali wa kweli hujulikana kwa kuwa mwenye mali anamjua kwa jina.

Saa nane mchana

Nampigia mteja wangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nipe habari za chombo."

Namweleza yote, kuanzia lile doa la kutu hadi mkwaruzo wa panga, kisha karatasi inayokosekana. Namwambia kwamba kama cheti hakitapatikana, diski itabidi ibadilishwe, na kuibadilisha maana yake ni kuifungua injini, kazi ya wiki kadhaa na ya fedha nyingi. Anauliza kama muuzaji alijua. Namjibu kwamba sioni dalili hiyo, kwa kuwa aliinunua ndege miaka mitatu baada ya kazi ile kufanyika. Ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Basi usiweke saini yangu popote leo." Hilo ndilo nililotaka kulisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Saa kumi jioni

Wakala wa muuzaji amekuja karakanani. Tunaipitia orodha ya fundi mstari kwa mstari, na kwa sehemu kubwa tunakubaliana upesi, kwa kuwa mkataba unasema kwamba kasoro zinazoizuia ndege kuruka kisheria hutengenezwa kwa fedha za muuzaji, na zile za urembo ni juu ya mnunuzi. Kwenye diski tunasimama. Anasema kuna mnunuzi mwingine anayesubiri. Huenda ni kweli, huenda si kweli, nami sibishani naye juu ya hilo. Ninachomwambia ni kwamba mnunuzi huyo wa pili naye atakuja na fundi wake, na fundi huyo atafungua ukurasa huuhuu wa mwaka 2014. Anauangalia ukurasa kwa muda mrefu. Tunakubaliana kuongeza siku tano.

Saa kumi na moja jioni

Kwa Oklahoma ni saa tatu asubuhi. Tunazungumza sote kwa simu: mawakili wa pande mbili, mdhamini, kampuni ya amana na mimi. Kikao kilipangwa kwa ajili ya kuandaa ufungaji, sasa kinakuwa cha kuuongeza muda. Mwanasheria wa Mzee anatumia nafasi hiyo kuuliza kuhusu daftari la kimataifa la haki juu ya ndege, lililoanzishwa chini ya Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 na linalotunzwa Ireland. Tanzania, Kenya na Marekani zote zimejiunga na mkataba huo, kwa hiyo tumeshapekua humo kuona kama kuna benki inayoidai ndege hii au injini zake. Zinapekuliwa kwa namba zake zenyewe, kila injini peke yake, kwa sababu injini inaweza kuwekwa rehani bila ndege. Hakuna deni. Siku ya kufunga tutapekua tena, dakika chache kabla fedha hazijaachiliwa.

Nyongeza ya mkataba inatiwa saini na pande zote kabla ya saa moja.

Saa tatu usiku

Niko nyumbani, watoto wamelala, na barua kutoka karakana ya Marekani inaingia ikiwa na kurasa mbili zilizopigwa picha. Mtu fulani huko amekwenda ghalani, akafungua faili la zaidi ya miaka kumi, akakitafuta cheti cha mgeni asiyemjua, na nimemwandikia shukrani kabla hata ya kukisoma.

Namba ya diski ni ileile, herufi kwa herufi. Kisha nafika kwenye mstari wa mizunguko. Cheti kinasema 2,191. Kitabu chetu kinasema 1,912. Aliyenakili mwaka ule alizigeuza tarakimu, na kosa hilo limebebwa katika kila hesabu iliyofuata hadi leo. Tofauti ni mizunguko 279. Kwa mwenye ndege anayeruka mara tatu kwa wiki, hiyo ni zaidi kidogo ya mwaka mmoja na miezi tisa ya maisha ya diski ambayo Mzee angelipia na asingeipata, na mbaya zaidi, siku ya mwisho wa umri wake ingepita bila mtu kujua.

Naandika barua moja kwa pande zote mbili, kwa maneno yaleyale, na kuambatisha kurasa zote mbili pamoja na picha ya ukurasa wetu. Naomba fundi mwenye leseni asahihishe kitabu cha injini na hesabu zote zirudiwe kuanzia mwaka 2014, kisha mezani tuzungumzie bei kwa umri wa kweli wa diski. Wakala wa muuzaji anajibu baada ya dakika kumi kwamba ameiona na kwamba atakuja karakanani saa mbili asubuhi akiwa na mwenye ndege. Namtumia Mzee ujumbe, naye ananijibu kwa sauti, akitaka kujua kama ndege yenyewe bado ni nzuri. Namwambia ni nzuri, Mzee, na sasa tunaijua umri.